Glavu Nne za Mkono wa Kushoto

Mwaka ule ugonjwa ulikuwa umejaza wodi hata kitanda kimoja kikalaza watu wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Jina la ugonjwa hatukulitaja. Tulisema tu fulani anakonda, na msikilizaji akaelewa.

Kituo chetu cha afya kilikuwa kwenye njia ya kwenda Navakholo. Kliniki ya akina mama ilikuwa inafunguliwa siku tatu kwa wiki, na wauguzi watatu. Wawili wakavutwa wodini. Kliniki ikabaki siku moja, Alhamisi, wanawake kumi tu, na kila mmoja aje na glavu zake, jozi mbili. Stoo haikuwa nazo, na siku hizo hakuna aliyegusa damu ya mwenzake kwa mkono mtupu.

"Damu ni damu, mama," sista alituambia bila kuficha. "Hata yangu naiogopanga."

Mimi nilikuwa natoka damu siku ishirini na moja. Nilihesabu kwa mafundo kwenye uzi, kisha nikahesabu tena, maana mtu anayeuza omena, vile vidagaa vya ziwani, kwa kikombe hawezi kuamini hesabu moja. Nilikuwa na wasichana wawili, na ukoo wa bwana ulikuwa unangoja mvulana kama watu wanavyongoja mvua. Nilitaka kujua jambo moja: tumbo hili bado lina kazi, au limestaafu?

Alhamisi ya kwanza nilirudishwa.

"Umekuja kwa miguu yako," sista alisema. "Wewe si dharura. Dharura ni yule anayebebwa."

Wakati huohuo wanaume wanne walipita na mwanamke kwenye machela ya magunia, macho yamezama, mikono kama vijiti. Mlango ukafunguliwa mbele yake bila nambari wala glavu. Nikamwonea wivu. Ndiyo, yeye. Mungu alinisikia, na mpaka leo hajanijibu.

Lakini wivu wangu mkubwa ulikuwa kwa mwingine. Kwetu, wake wa ndugu wawili huitana wake wenza, ingawa kila mmoja ana bwana wake na shida zake. Mke mwenza wangu alikuwa mama pacha, wavulana wawili kwa safari moja. Mimi safari mbili nilirudi na wasichana wawili. Akipita sokoni aliamkiwa kabla yangu. Sasa alitaka kuwekewa koili apumzike kuzaa. Hebu fikiria: mimi natafuta mlango wa kuingilia, yeye anatafuta wa kutokea, na foleni ni moja.

Jumanne nilimpata mama mmoja sokoni aliyekuwa na glavu kwenye beseni, zimeoshwa, zimefungwa kwa uzi mafungu mawili. Sikuuliza zilikotoka. Sokoni ukiuliza kitu kimetoka wapi, bei hupanda. Nilimbana, nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena, mpaka akachoka.

"Chukua fungu hili uniondokee! Wewe utapatana hata na mchimba kaburi."

Nilihesabu: nne. Nikarudia: nne. Nikaenda nyumbani nikiimba.

Alhamisi niliondoka giza halijaisha. Darajani baiskeli ikanipita. Shemeji alikuwa anakanyaga, na mama pacha amekaa nyuma kama mali ya serikali.

"Tutakutana mbele, mama wasichana!" akanipungia mkono.

Mama wasichana. Nililimeza jina hilo pamoja na vumbi.

Nilipofika, yeye alikuwa nambari tisa na mimi kumi na moja. Nilihesabu benchi mara mbili, nikitumaini mmoja wao amemsindikiza mwingine tu. Wapi.

Sista akapita kukagua glavu kabla ya kuanza. Akazitandaza zangu mapajani, akazigeuza, akaguna.

"Mama, hizi zote ni za mkono wa kushoto. Vidole gumba vinaangalia upande mmoja."

Benchi zima likacheka. Nilikuwa nimehesabu glavu mara mbili, na mikono sikuhesabu hata mara moja. Mama pacha alicheka kuliko wote, mpaka sista alipofungua fungu lake. Yeye pia alikuwa amepita kwenye lile beseni. Zake nne zote zilikuwa za kulia.

"Nyinyi wawili mmeolewa boma moja?" sista aliuliza. "Basi patanisheni mikono. Nikirudi nikute jozi."

Mama pacha akasogea karibu. "Leta mbili, nikupe mbili."

Hapo mfanyabiashara akaamka ndani yangu.

"Nikupe mbili kwa nini? Mimi ni wa kumi na moja. Siingii hata nikiwa na glavu za mikono mitatu. Nipe nambari yako, nami nikupe mbili zako. Utaingia Alhamisi ijayo."

"Wewe! Unaninyonga mchana?"

"Hunipi, mimi nazibeba. Tuone sista atakuwekea koili kwa mkono mmoja."

Nilingoja matusi, nilikuwa na yangu tayari. Badala yake akauliza polepole, "Imekuwa siku ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Umehesabu mara mbili?"

"Mara mbili."

Akaniwekea kikaratasi cha tisa mkononi, akaniachia glavu mbili za kulia, akachukua mbili zangu za kushoto, akaenda kumwita shemeji aliyekuwa anapumzika kivulini. Nikazihesabu glavu zangu mara mbili.

Sista alinipima. Ulikuwa uvimbe. Akaandika barua niende hospitali kubwa mjini, na huko nako nikaambiwa si dharura, nikangoja miezi mitano. Walipoutoa, tumbo la uzazi likaenda nalo. Daktari alisema nimebahatika kuja kabla damu haijaniisha.

Alhamisi iliyofuata kliniki haikufunguliwa. Yule sista wa mwisho naye alikuwa amevutwa wodini. Alhamisi nyingine vilevile. Ilipofunguliwa tena, mama pacha hakuwa na haja ya koili. Tayari alikuwa mjamzito.

Akajifungua mvulana.

Nilikaa siku tatu bila kwenda kumwona. Ya nne nikaenda na kikombe cha omena, kimejaa mpaka juu, jambo ambalo wateja wangu hawajawahi kuliona. Nilikuwa nimepanga maneno ya msamaha. Nilipoyaanza, akanikatiza.

"Keti. Shika mtoto, mikono yangu imechoka."

Nikampokea. Wivu ukanirudia. Huyu alikuwa mtoto wa nambari tisa, nambari niliyoichukua mimi, na hakuwa wangu. Nikamfungua shuka. Mkono wa kushoto, vidole vitano. Wa kulia, vitano.

Mama yake alikuwa ananitazama.

"Hesabu tena," akasema. "Nakujua."

Nikahesabu tena.