Boila Iliyolala Kanga

Niliondoka Mbinga kwa sababu dramu ya boila yetu namba mbili ilipata ufa. Wenzangu wa zamu wanaijua habari hiyo, lakini kwa wasiojua: mtambo wetu ni mdogo, unachoma makaa ya mawe kupata mvuke, na mvuke ndio unaozungusha mashine ya umeme. Dramu ni lile tumbo la chuma juu ya moto ambamo maji na mvuke hutengana. Ikiharibika, tunabaki kutazamana. Meneja wetu alikuwa amesikia kwamba kisiwani Mafia, kijiji cha Kanga, kuna boila ya aina hiyohiyo, iliyoletwa zamani ichome magogo ya minazi iliyozeeka na kutoa umeme, kisha ikaachwa. Mwenye shamba, anayeishi Dar es Salaam, alikuwa tayari kuiuza.

"Komba, nenda kaitazame," meneja akaniambia. "Ikiwa nzima tunaibeba. Ikiwa mbovu, usinipotezee muda."

Nikafunga sanduku langu: nyundo ndogo, tochi, kipimo cha unene wa chuma na pampu ya mkono. Moyoni nilikuwa nimeshaandika ripoti. Chuma kilichokaa jirani na bahari miaka yote hiyo, nakwenda kutazama kutu, basi.

Siku mbili za mwanzo ziliishia barabarani, na sina la kuzisimulia ila miguu kuvimba.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, Nyamisati. Hapa ndipo watu wa Mafia wanapopandia kivuko. Mimi ni mtu wa milimani, na bahari sina ugomvi nayo ikiwa mbali. Hatujamaliza hata mikoko ya mlango wa mto, nikawa nimeinamia ukingo, natapika chai yote ya asubuhi. Mama mmoja aliyekaa na kapu lake akanikatia ndimu. "Nusa, baba, usione haya," akasema. "Bahari haijui fundi wala waziri." Nikanusa mpaka ndimu ikabaki ganda.

Saa tisa alasiri, Kilindoni. Nilichukua bodaboda kwenda Kanga, sanduku mapajani, barabara mchanga mtupu sehemu nyingi. Dereva alipoona sanduku akauliza kama naenda kwa Bi Zuhura wa boila. Nikamwambia ndiyo; nilikuwa nimeambiwa ndiye mwenye funguo.

"Alaa! Basi mmekuja kuiwasha!" akapaza sauti. "Tumechoka na umeme wa leo upo, kesho haupo. Bi Zuhura kila siku anatuambia, subirini, itawaka."

Nilijifanya nashikilia sanduku.

Saa kumi na moja jioni, Kanga. Jengo la boila limesimama nyuma ya shamba la minazi, mabati yameliwa na chumvi, bomba la moshi limeinama kidogo upande wa magharibi. Mlangoni alisimama mama wa miaka sitini hivi, kajitanda kanga safi, funguo mkononi.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Umechelewa miaka kumi na moja, lakini karibu."

Akacheka, nami nikacheka naye, na hilo ndilo kosa langu. Wakati mtambo unajengwa, yeye ndiye aliyefundishwa kupima maji ya boila. Uliwashwa mara mbili tu, moto mdogo wa majaribio. Wafadhili wa kigeni walioujenga wakaondoka, wafanyakazi wakatawanyika, yeye akabaki na funguo. Mwenye shamba alimpigia simu kwamba fundi anakuja. Fundi wa nini, hakumwambia. Ndani nilikuta sakafu imefagiwa, na mbele ya mlango wa moto magogo makavu ya mnazi yamepangwa vizuri. "Kuni za kuanzia hizo," akasema. "Nisingependa ufike kisha tuanze kuhangaika."

Hapo nilipaswa kusema. Sikusema. Nilikula wali wake wa nazi na changu wa kupaka, nikamshukuru, nikaenda kulala kwa kaka yake. Najua wako watakaosema mgeni haanzi na habari mbaya. Hapana. Nilikuwa mwoga tu.

Siku ya nne, saa moja asubuhi, kazini. Nilianza nje. Feni ya kusukuma upepo imeganda, haigeuki. Mkanda wa kupeleka kuni umeoza. Vyuma vya kulalia moto ni vizima, na makaa ya mawe yangekaa juu yake bila shida. Kisha nikafungua mlango wa dramu, ule mdogo wa duara ambao mtu anaingia kwa kujikunja. Nikawasha tochi. Nikaizima, nikaiwasha tena.

Loh! Hakukuwa na kutu. Chuma cha ndani kilikuwa kijivu, kikavu, kama kimeletwa juzi. Chini zilipangwa sinia sita za bati zenye unga mweupe.

"Hiki nini, Bi Zuhura?"

"Chokaa. Si ile iliyokwisha kuzimwa. Hii ndiyo inayotoka tanurini, haijaguswa na maji. Inanyonya unyevu wote, chuma kinabaki kikavu. Fundi mmoja wa wale wafadhili alinionyesha siku walipouzima mtambo. Akasema, badilisha kila mwezi."

"Na umebadilisha kila mwezi?"

"Hakuniambia mwisho ni lini." Alisema hivyo bila kujisifu. "Baba yangu alikuwa mchoma chokaa. Matumbawe najua kuyachoma tangu mdogo. Nachoma tanuri dogo, chokaa ikipoa naileta hapa kabla haijapigwa na hewa. Watu wakaniita mwendawazimu. Walipochoka kuniita hivyo wakaanza kunisaidia kubeba."

Nilipima unene sehemu arobaini, nikaijaza maji na kuisukuma kwa pampu mpaka kipimo cha shinikizo kikapita pale inapopaswa kufanyia kazi. Nusu saa nzima mshale haukurudi nyuma. Hakuna tone. Bi Zuhura alikuwa amesimama pembeni yangu, kidole chake kimeelekea kwenye kile kipimo.

"Nzima?" akauliza.

"Nzima kabisa."

"Alhamdulillahi! Sasa tunaiwasha lini?"

Nikakaa juu ya kuni zake, nikamwambia yote: ufa wetu, makaa ya mawe, Mbinga, kwamba boila ikiwa mbovu ingebaki hapa na ikiwa nzima inaondoka. Hakupiga kelele. Alikaa naye, akakunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja.

"Kwa hiyo ningeiacha ioze," akasema, "ingekuwa yetu."

Nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu kazini kwangu: kwamba ripoti naandika mimi, hakuna atakayekuja kuikagua boila, naweza kuandika dramu imeliwa na kutu na habari ikaishia hapo.

Alinigeukia kwa hasira ambayo sikuitarajia.

"Uandike imeoza? Mikononi mwangu? Miaka kumi na moja nimebabuka vidole kwa chokaa, halafu jina langu likasomwe huko kwenu kwamba niliiacha ikaoza? Thubutu! Andika ulichokiona."

"Lakini wataichukua, Bi Zuhura."

"Waichukue nzima."

Basi niliandika hapohapo, mbele yake, na nilipofika kwenye hali ya dramu niliandika jina lake na jina la baba yake. Aliisoma taratibu mpaka mwisho, akanirudishia. Kisha akazitoa kuni mbele ya mlango wa moto, moja moja, akakataa msaada wangu.

Siku ya tano nilipanda kivuko kurudi. Nilitapika tena, na safari hii niliona nastahili.

Nilichojifunza nakisema wazi. Sisi tulikuwa na mafundi, na maabara ya maji, na bado tulikuwa tukizima boila wakati wa matengenezo na kuiacha na maji mpaka kutu ikaila na ikapata ufa. Sasa tunakausha na kuweka chokaa, na kila mwenye zamu anajua tumeitoa wapi desturi hiyo. Jingine ni langu mwenyewe: nilipaswa kumwambia jioni ile ile, kabla ya wali. Naona aibu mpaka leo.

Boila ilifika kwa meli na malori, tukaifunga, tukaiwasha kwa makaa ya mawe. Siku ilipofikia nguvu yake yote kwa mara ya kwanza tangu iundwe, nilitoka nje nikampigia Bi Zuhura.

"Sema upesi, fundi," akaniambia. "Simu inaisha chaji, huku umeme umekatika tangu jana."

"Imefika juu kabisa. Haivuji popote."

"Mvuke unasikika?"

"Unasikika."

"Hebu nisikie."

Nikarudi ndani, nikainua simu kuelekea kwenye dramu, nikahesabu moyoni mpaka hamsini. Nilipoirudisha sikioni simu ilikuwa imeshakatika. Nilimpigia tena jioni, na asubuhi yake. Hakupatikana.