Kwenye Filamu Hakuna Anayechota Maji

Filamu za mapenzi nimezitazama nyingi, na maoni yangu ni haya: zinasema kweli juu ya tamaa, ila sura yake zinaikosea. Kwenye filamu kishawishi huja kimepaka rangi midomoni, na muziki umekitangulia. Mtazamaji anakijua kabla ya mume. Niliamini kwamba na mimi, siku yangu ikifika, ningekijua.

Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua korosho, mmoja wao aliniajiri kuwa karani wa ghala lake pale Newala, kwa kuwa nilikuwa na kidato cha nne. Kazi ilinishusha Masasi mara kwa mara, na jioni niliingia banda la video Mkomaindo, jenereta likinguruma nje. Safari moja nilikwenda na mke wangu. Picha ilikuwa ya mume aliyemwacha mkewe kwa ajili ya mwimbaji. Watu walilia. Mke wangu akaninong'oneza:

"Baba watoto, hawa maji wanachotewa na nani?"

"Tazama picha."

"Natazama. Tangu asubuhi wanaoga na kukumbatiana. Hata ndoo sijaiona."

Kijana wa benchi la nyuma akadakia, "Mama, wapeleke bondeni wakakome!" Banda zima likacheka. Niliona aibu, na njiani nilimwambia kuwa sanaa haijui.

Yeye alikuwa anajua maji. Kiangazi aliteremka bondeni na wanawake wenzake kabla ya jua, akarudi na ndoo kichwani jua likiwa kali. Jirani na ghala aliishi mjane ambaye marehemu mumewe alimwachia nyumba ya bati na kisima cha saruji cha kukingia mvua. Siku moja akaniita.

"Shemeji, mkeo atavunjika shingo. Lete dumu."

Nikapeleka. Kanga yake ilikuwa imepauka na mikono imelowa. Hapakuwa na rangi ya midomo wala muziki. Mke wangu alimshukuru Mungu kwa jirani yule, akawa ananipa mbaazi nimpelekee. Hilo linaniuma kuliko yote. Kabla kiangazi hakijaisha, dumu lilikuwa likijaa nami nikibaki nimekaa. Hakuna aliyenilazimisha. Tukawa wapenzi.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha. Kila chombo uani kilijaa, hadi vinu. Mimi, kwa mazoea, nikachukua dumu nikaondoka nalo. Mke wangu alilitazama lile dumu.

Niliporudi nalo limejaa, nilimkuta mjomba wake amekaa uani. Kwetu mwanamume huhamia kwa kina mkewe. Mikorosho niliyoipanda ilikuwa katika ardhi yao, na neno la mwisho lilikuwa la mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Maji."

Akavitazama vyungu vilivyokuwa vikifurika. "Haya ya kwetu yana nini?"

Nikapiga magoti mbele ya mke wangu, kama nilivyoona bandani. Kule mke hulia, akamwinua mumewe.

"Inuka," alisema. "Unajipaka matope."

Akalichukua dumu, akamimina maji kwenye beseni, akafua nguo zangu zote kwa maji yale. Alifua kwa uangalifu, kola na mifuko, kama siku zote. Nilijiambia kuwa mwanamke asiyekutaka hakufulii. Nililala barazani kwa mjomba, na asubuhi jua lilipotoka nilikaa nikizitazama zikikauka, matumaini yakinipanda.

Zilipokauka alizikunja, akazitia kwenye mfuko, akanikabidhi.

"Nguo zako safi, Baba watoto. Wasije wakasema ulitoka kwangu mchafu."

Kwa mjane sikwenda. Niliona haya hata kupita karibu na kisima chake. Mke wangu hakunirudia mpaka anazikwa.

Sasa naishi Chiungutwa kwa mwanangu, na wajukuu hunialika kutazama televisheni. Mume wa kwenye filamu akianza kupiga magoti, mimi nasimama.

"Babu, kaa! Haijaisha, anamsamehe sasa hivi."

"Najua," nawajibu. "Tazameni."

Natoka uani kuanua nguo zangu, ambazo siku hizi nafua mwenyewe.