Fisi Mwenye Sauti ya Mwalimu

Mchungaji wetu anapenda sana kuhubiri habari ya kusamehe sabini mara saba. Namsikiliza kwa heshima zote, ila hesabu za kuzidisha mimi sikuzifikia. Niliacha shule darasa la tatu, na aliyenifanya niache yu hai mpaka leo, anakaa ng'ambo ya bonde, bati la nyumba yake naliona kila asubuhi nikitoka nje kupiga mswaki. Basi kama ni kusamehe, nitasamehe mpaka pale hesabu yangu ilipoishia.

Ilikuwa hivi. Huku kwetu milimani mtoto huzaliwa ndani ya Kishambaa. Kiswahili hukutana nacho shuleni, tena siku hizo ulikutana nacho ukiwa huna viatu. Siku moja mwalimu akauliza samaki anaishi wapi. Samaki mwenye uhai nilikuwa sijamwona. Niliyemjua ni dagaa, amekauka, kaja kwenye gunia kutoka Tanga, mama anampepeta kwenye ungo kumtoa mchanga. Mama yangu alikuwa na mkono wa dagaa, akiwaunga na nyanya chache tu jirani wanakuja kuomba moto wakati moto wanao. Lakini hayo mengine. Jibu nililijua, nikasimama nikasema, "Kwenye mazi." Kwetu maji ni mazi. Ndivyo tunavyoyaita tunapoyachota na tunapoyanywa.

Mwalimu alikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinamtafuta. Akakohoa mara mbili, akajiinua juu ya vidole vya miguu, maana ndivyo alivyofanya akitaka kutoa neno la kukumbukwa, akauliza kwa sauti ya puani, "Kwenye nini? Kwenye mavi?" Halafu akawageukia wenzangu.

"Mzomeeni."

Wakazomea. Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa dawati la nyuma, naye akazomea. Yeye simlaumu, asiyezomea alichapwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani watoto walinipita wamebana pua. Nikaacha kunyoosha mkono. Baadaye nikaacha kufungua mdomo hata nikiitwa jina. Mwisho nikaacha kwenda, na baba hakuuliza sana, palikuwa na mbuzi wa kuchunga na chai ya kuchuma. Kwa hiyo sikufukuzwa, ninapoulizwa husema ukweli huo. Nilizomewa, miguu ikaelewa yenyewe.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni shikamoo. Yeye mkubwa wangu, na huku kwetu mkubwa huamkiwa, uwe unampenda humpendi. Nimemwamkia njiani, kanisani, msibani, kwenye mnada wa mbuzi. Wanasema maana ya neno lenyewe ni kushika miguu. Basi kila nilipolitamka nilitamani nipewe hiyo miguu kweli, niivute.

Sikuivuta. Nikatafuta njia nyingine.

Wakulima wa chai tunajuana kwa kusubiri. Unachuma asubuhi kwenye ukungu, unashusha kapu kwenye banda la kupimia, halafu gari la kiwanda halionekani, mnakaa mnanusa majani yanavyoanza kupata joto, na jani likishapata joto bei nayo inapoa. Hapo watu wanataka hadithi, la sivyo wanagombana. Nikawa mtu wa hadithi. Nikamtunga fisi mmoja aliyefungua shule ya mbuzi. Fisi huyo alikohoa mara mbili. Alijiinua juu ya vidole. Alisema kwa pua. Na mbuzi mdogo akikosea, au hata akipatia kwa lugha ya kwao zizini, fisi aligeukia darasa akasema, "Mzomeeeni," anaivuta kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani.

Sikumtaja mtu. Sikuwa na haja. Mara ya kwanza nilipofika kwenye kile kikohozi, mama mmoja aliangua kicheko akamwaga chai yake yote kwenye matope. Kutoka hapo, popote nilipokaa, harusini, matangani, waliniambia, "Mgoshi, tuletee fisi." Mgoshi ni mwanamume, ndivyo tunavyoitana. Nikawaletea fisi. Vilima vyote vya huku vilimcheka huyo bwana kwa miaka, yeye akijiuliza kwa nini akikohoa kanisani vijana wa kwaya wanainamisha vichwa. Mke wangu aliniambia roho yangu imekaa kama pilipili kichaa. Nikamwambia aniongezee mboga.

Ningekufa na raha yangu hiyo ndogo, kama si mjukuu wangu.

Huyu mtoto tunakaa naye, mama yake yuko Dar anauza nguo. Nyumbani ni kasuku. Anajua matunda gani ya peasi yameiva kwa kuyagonga, anabishana na bibi yake habari za Biblia. Akaanza kuwa mzito asubuhi, mara tumbo, mara kichwa. Bibi yake akampikia uji wa kila namna. Siku moja tukiwa tunapalilia kabichi nikamuuliza kwa upole anachoogopa huko shuleni, akasema haogopi chochote, ila hasemi tena darasani. Alikosea kusoma neno moja la Kiingereza, mwalimu wa darasa akawaambia wenzake wamzomee.

Nikasimamisha jembe. Nikamuuliza alisemaje hasa huyo mwalimu. Mtoto akaiga. Akalivuta lile neno vilevile, kwa pua.

Mwalimu huyo wa darasa namjua, ni mtoto wa huku huku, alifundishwa na yule bwana wangu kabla hajastaafu. Alirithi ubao na fimbo, na lile neno akalirithi. Nikaona kumbe miaka yote ile nilikuwa nacheka na wachuma chai tu, na lile neno liko kule shuleni linaendelea kula. Sasa limefika kwenye nyumba yangu.

Usiku... hapana, usiku nililala vizuri. Kisasi kikishajua njia yake mtu hulala.

Njia ilikuja yenyewe. Mwalimu mkuu wetu ni mama, mgeni wa huku, aliletwa kutoka Mbeya. Akaitisha mkutano wa wazazi, akaeleza kwamba nchi nzima masomo yamebadilishwa, serikali sasa inataka mtoto ajiamini, aulize, aseme alilonalo, siyo kukariri kama wimbo. Na wazee waalikwe shuleni kusimulia historia na maadili. Akauliza ni mzee gani ana hadithi nzuri. Kiwanja kizima kiligeuka kunitazama, wengine wameshaanza kucheka. Yule mama akadhani ni upendo. Nikasema nitakuja, kwa ajili ya watoto.

Siku yenyewe nilivaa koti la Pasaka. Watoto wamekaa chini kwenye nyasi, wazazi wamesimama nyuma, na mbele kwenye viti wamekaa walimu na, kama nilivyoomba kwa Mungu, mwalimu mstaafu, yule bwana wangu, mgeni wa heshima, amefunikwa blanketi magotini. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaniambia nisiwachoshe watoto.

Nikakohoa mara mbili.

Nyuma kule wazazi walikwishaelewa, mabega yanatikisika. Nikajiinua juu ya vidole. Nikamleta fisi, mzima mzima, sikumpunguza hata unywele. Mstaafu alicheka. Alicheka kuliko wote, akampiga begani mwalimu mkuu, akasema huyu fisi anamkumbusha mkaguzi mmoja wa zamani. Ilinikera. Mtu unamwandalia sumu maisha yako yote, anakunywa anaomba tena.

Basi nikaongeza kipande ambacho hakijawahi kuwepo. Nikasema, siku moja fisi akiwa anafundisha, chui aliingia kwa mlango wa nyuma. Mbuzi mdogo kuliko wote, yule aliyezomewa, ndiye peke yake aliyemwona, chui anakuja polepole, yuko nyuma ya mwalimu. Nikanyamaza hapo. Nikawauliza watoto, "Mbuzi mdogo afanye nini?"

Wakatazamana. Hawajazoea kuulizwa wao. Nilimwona mjukuu wangu katikati ya wenzake, kichwa chini, anang'oa nyasi. Sikumwita. Nilingoja, nikaona mkono wake unapanda, unashuka, unapanda tena. Nikamwonyesha kwa kidevu. Akasimama.

"Anyamaze," akasema. "Amwache aliwe."

Hata mimi sikutegemea. Nyuma kuna mtu alivuta pumzi. Mwalimu wa darasa aliruka kwenye kiti chake kama aliyeng'atwa na siafu, akisema hayo siyo maadili, mtoto gani anajibu hivyo mbele ya wageni. Akawageukia wengine, na mdomo ukafanya ulichozoea.

"Mzomeeeni."

Hakuna aliyezomea. Halafu kitoto kimoja cha darasa la kwanza, kimekaa mbele kabisa, kikamnyooshea mwalimu kidole kikasema kwa furaha, "Fisi huyu hapa!"

Kicheko kilichopanda pale sijakisikia tena. Watoto walilala chini. Wazazi walishikana. Mwalimu mkuu aliziba mdomo kwa faili, lakini macho yalimsaliti. Mwalimu wa darasa alibaki amesimama, masikio yameiva kama tunda la plamsi. Mimi sikumtazama sana. Nilimtazama mstaafu. Alikuwa bado anacheka, kisha nikaona kicheko kinapungua, anamtazama mwanafunzi wake, ananitazama mimi, anatazama vidole vya miguu yangu. Akalivuta blanketi mpaka kifuani. Alikuwa ameelewa. Nilimtazama mpaka nikaridhika, na sikuridhika haraka.

Mjukuu wangu alikuwa bado amesimama. Akauliza, kwa sauti yake ya nyumbani, "Babu, kwa hiyo aliliwa?"

Nikasema aliliwa.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alikuja nyumbani. Mke wangu akamwekea chai na viazi. Alizunguka sana kabla ya kufika, akasifia kabichi, akauliza mbolea. Hatimaye akasema mwalimu mstaafu ameumia, hatoki nje, na mwalimu wa darasa ameomba uhamisho akanyimwa. Akaniomba kwa adabu niende nikawaombe radhi mbele ya wazazi, yaishe, vinginevyo kamati haitaniruhusu kusimulia tena pale shuleni.

Nikamwambia, "Mwalimu mkuu, mimi nilisimulia habari za fisi. Kama kuna mtu amejiona humo, aombwe radhi na fisi."

Mke wangu aliinuka akaenda jikoni, nikamsikia anacheka na sufuria.

Mama wa watu akatikisa kichwa. Akanywa chai. Ndipo nikamuuliza nililotaka kujua, mjukuu wangu yukoje darasani. Akasema, huyo sasa ndiye shida, anauliza mpaka kipindi kinaisha, na wenzake wamemfuata, wanajibu ovyo, wanakosea kwa sauti kubwa.

"Na wakikosea, mwalimu wao anasemaje?"

Akasema hasemi. Mtoto akikosea, mwalimu hufungua mdomo, darasa zima linamtazama linangoja, naye huufunga tena, anameza, koo linapanda linashuka kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Kisha anamwambia mtoto ajaribu tena.

Nikamuuliza kama mwalimu anaonekana kuumia huo mfupa unaposhuka.

Akasema anadhani anaumia sana.

Nikamwongezea chai.