Mapaja ya Shaba

Dobi wa hospitali alikuwa mtoto wa pekee wa msimulizi wa redio ambaye mji mzima ulimwita Babu Hadithi. Nyumbani alikuwa baba tu, tena baba bubu wa kujitakia. Akirudi kutoka redioni huketi kitandani, kitambaa shingoni, akaonyesha koo kwa kidole. Mama husema, "Mwache baba yako apumzike, mwanangu. Kesho watu wanamngoja."

Alipomuuguza baba miaka ile miwili ya mwisho, binti alijipa moyo: redio haimtaki tena, labda sasa zamu yangu. Lakini kiharusi kilikuwa kimeshaondoka na ulimi. Mzee alimkodolea macho, machozi yakimchuruzika hadi masikioni, mpaka siku moja akazimika.

Siku ya kuzindua sanamu yake, uwanja wa maktaba ulifurika. Meya akavuta pazia. Mzee wa shaba ameketi, mikono kaitandaza, mdomo wazi. Watoto wakamkimbilia mapajani wakigombania nafasi. Dobi, safu ya mbele, akaificha mikono yake iliyochubuliwa na sabuni. Mapaja yale hakuwahi kuyakalia.

Muuza vitabu mmoja, mama wa makamo, akamshika bega. "Hongera, dada! Wewe ndiye uliyefaidi. Hadithi kila siku, bure!"

Miaka yote alijibu hayo kwa tabasamu. Leo midomo ilimgomea.

"Sikusikia hata moja."

Yule mama akacheka, kisha akamtazama vizuri, kicheko kikamkauka. "Hata ya sungura aliyepotelewa na binti yake?"

"Hata hiyo."

"Basi njoo tukae, mwenzangu."

Wakaketi ngazini, watu wakitawanyika. Muuza vitabu akasimulia, akikosea, akirudi nyuma. "Sungura akazunguka pori zima akiita: Katulivu! Katulivu wangu!"

Dobi akamkamata mkono. "Akimwita nani?"

"Katulivu. Ndiyo jina la mtoto. Yule aliyekuwa akimngoja babaye mlangoni, bila kuuliza kitu."

"Ni mimi huyo," dobi akasema. "Ndivyo baba alivyoniita."

Kumbe baba alimwona. Alimwona siku zote pale mlangoni, akaenda kuwaambia wengine. Dobi akalia kilio cha mtu aliyefiwa asubuhi ile ile, kichwa magotini. Muuza vitabu akampapasa mgongo, akaendelea kusimulia kwa sauti ya chini, maana sungura alikuwa bado hajampata mwanawe.