Jani la Salima

Harufu ya jani bichi la mgomba bado hunichefua. Miaka ya vita, treni zilipoacha kufika Kindu na madaftari yakatoweka sokoni, jani hilo ndilo lililokuwa daftari letu. Tuliandika kwa mwiba. Mwanzoni herufi zilikuwa hafifu, karibu hazionekani. Utomvu ulipokauka zikawa nyeusi tii. Mwalimu wetu wa darasa la sita alisubiri weusi huo ndipo asome. Siku moja alitutangazia kwamba karatasi za mtihani wa mwisho hazikutosha darasa zima, na bila mtihani huo hakuna sekondari. Imebaki moja. Ataipata atakayeandika insha bora kuhusu mto.

Kando yangu aliketi Salima, binti wa wachimba madini waliokimbia mapigano kule Pangi. Mjini hakuwa na mtu wa kumtetea, lakini kuandika alijua. Aliandika jinsi mto wetu, Lualaba, ulivyopitisha mitumbwi mitupu asubuhi nzima, na kila mtumbwi watu wakiutazama kama wataujua ni wa nani. Mimi, mtoto wa mjini, jirani wa mwalimu, nikanakili sentensi kwa sentensi. Herufi zake zilikuwa zimeshakuwa nyeusi, zangu bado hafifu. Mtu yeyote ambaye angetazama dakika ile angejua nani kamtangulia mwenzake. Nikaliweka jani langu dirishani, juani, likauke upesi. Sikukosea kwa utoto, nilijua ninachofanya.

Mwalimu alipoyakusanya majani, yetu mawili yote yalikuwa meusi. Akatuita mbele.

"Nani aliiba insha ya mwenzake?"

"Mwalimu, ni miye njo niliandika," Salima akasema. "Muulize na yeye."

Nikaulizwa. Nikajibu, "Ni yangu." Mwalimu akalirarua jani la Salima, karatasi nikapewa mimi. Wiki ile ile wazazi wake wakarudi naye machimboni. Sijamwona tena.

Leo nafundisha chuo kikuu, hapa hapa Kindu. Karatasi zimejaa kila kibanda cha kuchapisha, hakuna anayeshika mwiba. Na bado, juma lililopita, msichana wa mwaka wa kwanza aliniletea kazi aliyoinakili kwa mwingine, na hata jina la mwenyewe hakulifuta ukurasa wa mwisho. Nikawaka. Nilimfokea mbele ya wenzake wote mpaka sauti ikanikauka.

"Mama Prof, wote wanafanyaka vile," akajitetea. "Iko mubaya kwa nani?"

Kwa nani! Nikawasimulia habari ya Salima na mwizi wake, mara ya kwanza maishani mwangu, ila jina la mwizi sikulitaja. Kisha yule msichana akauliza polepole, "Na ule mwizi, Mama, walimufanya nini?"

"Walimpa karatasi," nikamjibu. "Halafu wakampa shahada. Halafu wakampa ninyi awafundishe."