Sala ya Dada Iliyosomwa Kanisani

Profesa alimwibia dada yake sala. Hata yeye, akijaribu kuliita tendo hilo kwa jina lingine, ulimi unagoma.

Kazi yake ni kufundisha mashairi ya Ulaya ya zama za Mwamko, karne ya kumi na sita na ya kumi na saba, Wakristo walipochinjana kwa sababu ya namna ya kusali. Aliowapenda zaidi ni washairi waliomfokea Mungu kama mke anavyomfokea mume aliyechelewa kurudi. Dada, aliyemlea na ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliishi kwake. Ukuta wa mbao tu ulitenga chumba chake na chumba cha vitabu cha Profesa. Tangu azike binti yake, alisali kwa sauti kila alfajiri. Siku moja Profesa akamsikia: "Mwanangu umemchukua. Sasa nikusifu kwa mdomo upi? Huu umejaa udongo."

Akayaandika maneno hayo.

Kanisa lao lilipomwalika kuwaeleza juu ya washairi wake, watu walianza kusinzia. Profesa akatapatapa, kisha akawasomea maneno yale. Akasema ni ya "mama mmoja ninayemfahamu". Usingizi ukawaruka. Kina mama, waliojua ni nani nyumbani kwake aliyezika mwana, wakageuka wote kumtazama dada, na mmoja akaguna, "Kumbe ndivyo anavyomtukana Mungu."

Nyumbani dada alimpakulia chakula kama kawaida. Profesa akaisogeza sahani kando.

"Dada, nilitaka wajue sala yako ina uzito kama ya wale wakubwa."

"Wakubwa wako waliandika wenyewe, wakawapa watu. Mimi nilikuwa naongea na Mungu. Wewe nani alikuita?"

"Nisamehe."

"Unaniomba jikoni, mdogo wangu, zisikie sufuria? Kule ulikuwa na sauti."

Tangu hapo ukuta ukawa kimya. Profesa hukaa mezani alfajiri, kitabu wazi, akitega sikio kama mgonjwa anayesubiri daktari. Hasomi kitu.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliuliza kama kuna mwenye tangazo. Kwenye benchi la dada, kina mama walikuwa wamejitenga naye, wakaacha nafasi ya kutosha watu wawili. Profesa akasimama. Akawashukuru waumini kwa mwaliko wao mzuri, akaketi. Dada hakugeuza hata shingo.

Mpaka leo yapo maneno ambayo Profesa anadaiwa: kwamba sala ile ilikuwa ya dada na Mungu wake, na aliyekosa ni yeye aliyeisikiliza ukutani na kuitoa nje. Ayaseme mbele ya watu wale wale. Anayedaiwa ni Profesa, na maneno anayo tele.