Muhogo Usiolala Majini

Mvua ilipoanza kunyesha, Aurelia hakungoja kuitwa. Alichomoka popote alipokuwa, akakamata sufuria, bakuli, hata kikombe cha marehemu babu yake, akavitega chini ya matundu ya paa kimoja baada ya kingine, na tone la kwanza lilipodondoka lilimkuta ameshamaliza na anacheka. Alikuwa na miaka tisa. Miguu yake myembamba haikujua kutembea. Akitumwa chumvi alikimbia, akiitwa kula alikimbia, akienda ziwani kumpokea baba yake ndoo ya samaki alikimbia mpaka wavuvi wakamzoea na kumwachia njia. Mama yake, Katarina, alimgombeza kwa mdomo tu, maana moyoni alijivuna.

Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, huko upande wa Chiwanda, hatua chache kutoka ziwani. Katarina hakuwa ameionea haya mpaka Krismasi ile dada yake Restituta aliposhuka kutoka Kigonsera, alikoolewa na mtu mwenye kahawa yake na nyumba yake ya bati. Usiku wa kwanza mvua ilimvujia mgeni kitandani. Restituta hakulalamika. Asubuhi alikunja kitenge chake kilicholowa, akacheka kidogo, na jioni akaomba kulala kwa jirani mwenye bati. Angetukana ingekuwa afadhali. Kicheko kile kidogo kilimkaa Katarina kooni kama mwiba wa samaki, na kabla dada yake hajapanda gari la kurudi, alikuwa ameshaapa kwamba mvua za mwaka unaofuata zitaikuta nyumba yake chini ya bati.

Fedha ingetoka wapi? Mumewe, Hyasinti, alivua katika mtumbwi wa mtu mwingine, na fungu lake lilikuwa la mtu asiye na chombo. Ikabidi bati zitoke humo humo ndani, kwa kubana.

Na alibana. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi vipande vyembamba, kila kipande na wiki yake. Majani ya chai yalichemshwa mpaka yakasahau rangi. Sukari ikawa ya wagonjwa. Kiberiti hakikununuliwa tena, asubuhi alimtuma Aurelia kuomba kaa la moto kwa jirani. Wapo waliosema ana mkono wa birika, nao walimwonea, kwa sababu mchoyo huwanyima wengine ajishibishe mwenyewe, na Katarina alianza kujinyima yeye. Alikula mwisho na alikula kidogo. Kila alipopata fedha ya kutosha alinunua bati moja au mbili, akaziegemeza ukutani katika chumba anacholala Aurelia. Mchana jua likiwaka dirishani bati zilialika ta, ta, ta, na jioni zikipoa zilialika tena. Aurelia alisema zinaongea. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu mwanamke huyu, na laiti angeishia hapo.

Lakini mtu akishayazoesha macho yake kuona hasara, huiona kila mahali. Hasara iliyofuata aliiona kwenye kitoweo. Kulikuwa na mchuuzi wa dagaa aliyeitwa Methodi, aliyeteremka na pikipiki kutoka Mbinga kununua usipa waliokauka, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa. Mwanzoni Katarina alimuuzia akabakiza bakuli la nyumbani. Baadaye akabakiza konzi. Ilipofika Mei hakubakiza hata kichwa, na maharage nayo alikuwa ameshaacha kununua. Ugali wakaula kwa kisamvu na chumvi, siku baada ya siku. Hyasinti hakuona. Wavuvi huchoma samaki wao pale pale ufukweni wakimaliza kazi, naye alifika nyumbani ameshiba, akaonja tonge mbili za heshima, akalala.

Kisha akaugeukia muhogo wenyewe.

Muhogo wa mwambao ule ni mchungu, na uchungu wake ni sumu. Hilo halihitaji kufundishwa shuleni. Ndiyo maana nguruwe pori hawaumalizi shambani, na ndiyo maana wanawake huumenya, wakautia kwenye pipa la maji, wakauacha ulale humo siku nne mpaka ulainike na kunuka uani kote. Harufu yake si ya kuisifia. Mgeni huziba pua. Lakini wenyeji wakiisikia wanajua nyumba hii inakula salama, maana maji yameshaifanya kazi yake. Kinachobaki ni kuanika juu ya mawe, kutwanga na kuchekecha. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, mihogo ikadumaa kwenye udongo mkavu, na uchungu ukazidi.

Katarina alijua yote hayo. Ila kila alipoopoa muhogo wake pipani aliona vipande vilivyomeguka na kuyeyuka, maji yamekuwa meupe, akayamwaga huku moyo ukimuuma. Ule ni unga, alijiambia. Namwaga unga. Siku moja akajaribu kuuanika bila kuuloweka. Jua lilikuwa kali, ukakauka haraka, ukatoa unga mwingi na mweupe. Alipika kidogo akala peke yake kwanza, kwa sababu hakuwa mjinga wala hakuwa mama mbaya. Alingoja. Kichwa kilizunguka kidogo, kikatulia. Siku ya pili akala tena, na ya tatu, hakuna kilichotokea. Basi akajiridhisha kwamba jua linafanya kazi ile ile ya maji, na kwamba kina mama wote wa ufukweni, tangu zamani, walikuwa wanamwaga chakula. Alilipindua pipa, akalifanya kiti.

Dalili zilikuja taratibu, kila moja na sababu yake ya kuisingizia. Vifaranga waliodonoa chenga za unga ule walikufa. Akasema ni mdondo, unapita kila mwaka. Mwalimu alituma neno kwamba Aurelia anasinzia darasani. Akasema mtoto anacheza mno. Mara moja akiwa kwenye kinu dunia ilimzunguka, akashika nguzo ya jiko, akasubiri ipite, akaendelea kutwanga.

"Mama, ugali unanizungusha," Aurelia alisema jioni moja, ameshika kichwa.

"Umekula haraka," Katarina akamjibu, na huko chumbani bati zikaalika.

Bibi Eliza, mama yake Hyasinti, aliishi nyumba ya pili, peke yake, na hakuwa mtu wa kuingilia jiko la mkwewe. Tangu Katarina aolewe walikuwa wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Siku moja alikuja mwenyewe. Katarina alimwamkia, akamwekea kigoda, lakini kikongwe hakuketi. Alisimama katikati ya ua akivuta pua.

"Mama Aurelia, uani kwako hakunuki."

Katarina akacheka, akasema ameamua kuwa msafi.

"Pipa umelikalia," Bibi Eliza akasema. "Muhogo wako unalala wapi?"

Katarina akajibu kwa adabu zote kwamba siku hizi jua ni kali, mama asiwe na wasiwasi.  Yule mzee akasema basi Aurelia awe anakuja kula kwake, ana samaki kidogo na anachoka kula peke yake. Alilisema kwa upole, akijitahidi lisiwe lawama. Lakini Katarina alisikia kicheko cha Restituta ndani yake. Alisikia kijiji kizima kikisema mtoto wa Katarina analishwa nyumba ya pili kwa sababu mama yake anakusanya mabati. Alishukuru, akakataa. Na Bibi alipoondoka, alimwita Aurelia akamkataza kula kwa bibi yake, hata akiitwa. Aurelia alikuwa mtoto msikivu, hakwenda.

Ikaja Oktoba. Zilibaki bati mbili. Methodi alikuwa ameshusha bei, akisingizia barabara na mafuta, na Katarina akakata shauri kuwapeleka usipa wake gulioni mwenyewe, kijiji cha tatu kutoka kwao. Bodaboda alizitazama zikipita. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa karibu sawa na nusu bati, na miguu haikununuliwa. Alijitwika gunia, akamtwika Aurelia beseni, wakaondoka alfajiri. Aurelia alikimbia mwanzo wa safari. Kufikia kijiji cha kwanza alikuwa anatembea. Wakati wa kurudi, beseni likiwa tupu, alikaa chini mara kwa mara akasema magoti yanatetemeka, na mama yake akamwahidi andazi, akamnunulia kweli, la kwanza tangu Krismasi. Nyumbani walikula ugali. Katarina alilala usingizi mzito wa mtu aliyemaliza kazi, kwani fedha ya bati mbili ilikuwa fundoni mwa khanga yake.

Asubuhi alimwita Aurelia aende kuomba kaa la moto. Hakusikia vishindo vya mbio. Aliita tena kwa ukali kidogo, kisha akaingia chumbani. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni kati ya kitanda na bati, ameshika ukingo wa bati kwa mkono mmoja, anajaribu kusimama. Miguu ilikuwa imekakamaa, magoti yamevutana, vidole vya miguu vimechongoka kuelekea chini. Hakuwa analia. Alikuwa anaishangaa miguu yake.

"Mama, imekataa," alisema.

Bodaboda waliipanda siku hiyo, Hyasinti amempakata mtoto, na hakuna aliyeuliza nauli. Zahanati iliwapeleka mbele, hospitalini, na huko wakapokewa na muuguzi mtu mzima aliyeitwa Otilia. Aliyagongagonga magoti ya Aurelia, akatazama miguu inavyoruka, akaifunika kwa shuka taratibu. Kisha akauliza mnakula nini. Muhogo. Mchungu au mtamu? Mchungu. Na kitoweo? Hapo Hyasinti alimgeukia mkewe akisubiri aseme samaki, kwa sababu yeye ni mvuvi na nyumba yake ni ya mvuvi. Katarina akasema kisamvu. Otilia akauliza muhogo wenu unalala majini siku ngapi.  Aliyejibu ni Aurelia, kwa sauti ya mtoto anayejua jibu darasani.

"Kwetu haulali. Mama anaanika tu."

Muuguzi hakumgombeza mtu. Alieleza kwamba sumu ya muhogo ikiingia kila siku, na mwili hauna samaki wala maharage ya kuusaidia kupambana nayo, siku moja huipiga miguu, mara nyingi baada ya mwendo mrefu au kazi nzito, na huwapiga zaidi watoto na kina mama. Ugonjwa huu hauui, alisema, wala hautazidi hapa ulipofika. Lakini hautarudi nyuma.

"Nikianza kuloweka leo?" Katarina akauliza.

"Loweka, mama," Otilia akamwambia. "Utaiokoa miguu yako."

Paa liliezekwa Novemba. Msidhani walifurahi, lakini bati zilikuwepo tayari, fundi alikuwa ameshazungumzwa, na nyasi za zamani zisingestahimili masika mengine. Hyasinti hakumpiga mkewe wala hakumsema mbele za watu. Aliacha tu kula samaki ufukweni. Fungu lake lote alilileta nyumbani akalitua mbele ya jiko, na kila alipolitua hakumwangalia Katarina usoni, kwa kuwa yeye naye alikuwa amekula ameshiba miezi yote ile asiulize. Bibi Eliza alileta bakuli lililofunikwa kila mchana. Katarina alilipokea kwa mikono miwili. Pipa lilirudi mahali pake, na muhogo sasa ulilala siku nne, tano, hata sita, mpaka majirani wakalalamika harufu. Aliwaacha walalamike.

Fundi alipomaliza alibakiza vipande viwili vya papi, zile mbao nyembamba za paa. Alitaka kuvitupa kwenye kuni, na Hyasinti akavichukua. Alivichonga viwe fimbo, akavilainisha kwa kipande cha chupa, akavipima urefu kwa mtoto aliyekuwa ameegemea ukuta. Vikatosha. Katarina alisimama mlangoni akaona kwamba katika nyumba yake, mwaka mzima, hakuna kitu kilichopotea bure, hata mabaki ya mbao. Alikwenda nyuma ya jiko akalia huko mpaka kamasi zikamziba pumzi.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana. Ilianza kwa matone machache, kisha ikashuka yote pamoja juu ya bati kwa kishindo ambacho nyumba ile haikuwahi kukisikia. Katarina alikuwa anachekecha unga. Alisikia kitu kikigonga sakafu chumbani, kikanyamaza, kikagonga tena, akainua macho. Aurelia alikuwa anatoka. Kwa mazoea, alikuwa amechukua sufuria, ameitundika mkononi juu ya fimbo, anakwenda kwa ncha za vidole, magoti yanasuguana, mdomo ameubana kwa bidii. Ilimchukua muda kufika katikati ya chumba. Akaiweka sufuria pale pale palipokuwa na tundu kubwa kuliko yote, akajiegemeza kwenye fimbo zake akatazama juu, akangoja.

Halikudondoka tone.

"Mama, halivuji," Aurelia alisema.

Katarina akaitikia kwamba ndiyo, halivuji. Chekeche lilikuwa limemtoka mkononi na unga umemwagika chini, naye hakuinama kuuzoa.